Mshika Kofia wa Dobi

Msusi wa chumba cha chini ndiye aliyeyaanza. Alikuwa amemkalisha Mama Kijino katikati ya magoti yake, anamfumua nywele, na maneno yakawa yanatoka pamoja na nyuzi. Alimwambia awe macho na yule dobi wa ghorofa ya juu, jirani yake wa mlango kwa mlango. Tangu mkewe afariki, kila Jumamosi giza likishaingia, mzee hupanda juu ya paa amebeba kitu kirefu amekiviringisha shuka. Akifika anakisimamisha, anakivalisha kofia, anakivua, anakivalisha tena, huku midomo inamcheza.

"Anamvalisha nani?" Mama Kijino aliuliza.

"Anayemvalisha hayupo, mwenzangu. Ndiyo maana nakwambia." Msusi akavuta uzi mwingine. "Na kofia yenyewe ni ile nyeusi ya marehemu. Sasa jumlisha mwenyewe, si umesoma wewe."

Mama Kijino alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, lakini hesabu ile hakuijumlisha. Alicheka tu. Alikuwa mgeni katika nyumba ile, ana miezi minne, na mgeni akichekeshwa na mwenyeji hucheka. Baadaye alikuja kukikumbuka kile kicheko chake, na kila alipokikumbuka alitamani angekimeza.

Alikuwa akiishi chumba kimoja na mwanawe wa miezi tisa, ambaye jino lake la kwanza lilichomoza peke yake na kukaa hivyo wiki nyingi bila mwenzake, ndipo watu wakamwita Kijino, na mama naye jina likamwangukia. Baba Kijino alikuwa dereva wa lori, nyumbani alikuwa mtu wa kupita. Kwa hiyo maneno ya msusi yalimkuta mwanamke wa peke yake, na yakapata pa kukaa.

Tangu siku ile, Jumamosi jioni akisikia mlango wa dobi unalia, alisukuma komeo lake na kutega sikio. Alisikia viatu vya mzee vinakuja taratibu, vinafika mbele ya mlango wake, vinasimama. Muda wa kupumua mara tatu, nne. Kisha vinaendelea kupanda. Kule kusimama ndiko kulikomla. Alikuwa akimpakata Kijino kwa nguvu mpaka mtoto anaguna.

Lakini asubuhi dobi alikuwa mtu kama watu. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi, mlango wa chuma, meza ndefu iliyofunikwa blanketi lililoungua hapa na pale, pasi mbili za umeme na moja kuukuu ya mkaa aliyoiweka kwa ajili ya umeme ukikatika. Kazi yake kubwa ilitoka kwenye ule ukumbi wa harusi ulio ng'ambo ya uwanja wa mpira: vitambaa vya meza, na vifuniko vya viti vile vyeupe vyenye kamba za kufungia nyuma. Alikuwa akivinyoosha, anavikunja, anavipanga mpaka vinamziba uso. Ukipita unaona vitambaa tu na mikono miwili. Akikuona, yeye ndiye aliyetangulia kusalimia. Mama Kijino aliitikia, akaongeza mwendo.

Jumamosi moja mvua ikanukia. Nepi za Kijino zilikuwa kwenye kamba kule juu ya paa, zote sita, na ndani hakukuwa na hata moja kavu. Mama Kijino alisimama mlangoni akisikiliza upepo, akimlaani kimoyomoyo msusi na mdomo wake. Mwishowe akapiga moyo konde, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda.

Mzee alikuwa pale, amempa mgongo. Mbele yake hakukuwa na mtu wala mzimu. Kulikuwa na kamera, imekaa juu ya miguu mitatu ya chuma, na katikati ya miguu ile, imening'inizwa kwa kamba ya kifuniko cha kiti, ile pasi ya mkaa. Mkono wa kulia wa mzee ulishika waya mwembamba wenye kitufe. Wa kushoto ulishika kofia nyeusi, ameifunika kamera jicho. Ng'ambo ya uwanja fataki ikapasuka, nyekundu. Mzee akastuka, akaondoa kofia, midomo ikaanza: "Kola... bega... mkono... mkono..." Akarudisha kofia.

Alikuwa anapiga pasi shati hewani.

Mama Kijino akaamkia, na alipoona hajibiwi akaamkia tena kwa sauti. Mzee akageuka.

"Marahaba, mwanangu. Toa nepi zako, mvua haiko mbali. Ila pita nyuma yangu, ukipita mbele utaingia kwenye picha."

Akavuta mkono ghafla, kama mtu aliyegusa pasi ya moto kwa bahati mbaya.

Alipokuwa akibandua vibanio, Mama Kijino aliona hawezi kuondoka bila kuuliza. Dobi hakuona ajabu. Alimwonyesha kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Maua ya moto, mekundu, meupe, ya kijani, yametanda kwenye weusi. Mama Kijino alisema ni mazuri, na hakuwa anapamba.

"Hayana mashina," mzee alisema.

Akaeleza. Fataki kabla haijafunguka hupanda, na ikipanda huacha mstari mwembamba wa moto. Mpigaji anatakiwa aache jicho la kamera wazi tangu mwanzo wa mstari ule, ndipo ua linakuwa na shina lake. Ikishazimika, unalifunika jicho kwa kitu cheusi, unangoja nyingine, unafunua tena. Hivyo katika picha moja unapata shada zima. Lakini ili ufunue mapema lazima uisikie ikitoka, ule mlio wake wa *puu* kule chini. Na yeye sikio la kushoto lilikufa zamani, la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Akiiona juu, imeshapasuka.

"Aliyekuwa anasikia ni mwenzangu," alisema. "Kofia ilikuwa yake, kazi ilikuwa yake. Mimi nilikuwa wa kubonyeza tu."

Matone yakaanza. Mzee akaikunja ile miguu na kuizungushia shuka kwa uangalifu, mzunguko juu ya mzunguko. Mama Kijino akauliza kwa nini anahangaika hivyo na mvua imeshafika.

"Vyuma hivi vinagongana. Nisipovifunga vinalia ngazi nzima, na mlangoni kwako mna mtoto. Nikifika pale huwa nasimama nihamishe bega, maana kona ile ndiyo inayovigonganisha."

Mama Kijino alibandua kibanio cha mwisho. Alishuka na nepi zake kifuani, na usiku huo komeo hakulisukuma.

Tangu hapo akawa anapitia kibandani asubuhi, Kijino mgongoni, na mzee akampa kigoda. Ukutani, juu ya mashati ya watu, palikuwa na picha za fataki zilizochapwa, zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Mzee alimhadithia alivyojifunza kupiga picha, na alikuwa hodari wa kujicheka. Kamera alipewa na mpiga picha wa ukumbini aliponunua mpya. Mara ya kwanza alipanda nayo paani na kuwasha taa yake ya mbele, akamulika fataki kwa tochi, picha zikatoka nyeusi tii. Mara ya pili aliishika mkononi, fataki zikatoka kama minyoo. Mpiga picha akamwambia atafute miguu mitatu. Akatafuta, upepo ukawa unaitikisa, ndipo mkewe akasema, tungika pasi ya mkaa hapo chini, ina kazi gani umeme ukiwepo. Mara iliyofuata kila kitu kilitulia, ila kamera ilikuwa imekodolea kamba ya kuanikia. Kibanio cha nguo kilionekana mpaka nyufa zake, na fataki nyuma yake zimevimba kama pamba.

"Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini," alisema. "Akasema basi tutungike hii picha ukumbini, waone kibanio chetu kilivyoalikwa."

Kuhesabu kwa shati nako kulikuwa kwa mkewe. Walijaribu saa, lakini gizani hawaioni. Akasema, shati si tunalijua, kola haidanganyi. Fataki ndogo ilikuwa kola na bega. Ile kubwa, inayomwagika kama mvua, ilikuwa shati zima mpaka pindo la mgongoni.

Mama Kijino alihesabu zile picha za ukutani, akaona jambo. Mke hakuwemo hata katika moja.

Aliuliza kama wanavyouliza watu wasiojua wanakanyaga wapi. Mzee alikuwa ananyoosha kola. Aliinyoosha mpaka ikaisha, akaigeuza, akainyoosha tena, na ilikuwa imeshanyooka. Hakuwa na picha ya mkewe, alisema, ila moja ya kitambulisho, ndogo kama stempu, amekodoa macho kama aliyeshikwa na askari. Alikuwa hapendi kupigwa picha. Akisimamishwa alikimbilia nyuma ya kamera na kofia yake.

"Ilikuwepo moja," akasema. "Nikaifuta."

Akasimamisha pasi.

Ilikuwa Jumamosi ya harusi ya watu wazito. Vifuniko mia tatu, walivipiga pasi wiki nzima, yeye na mkewe, mpaka mabega yakawa si yao. Jioni wakapanda paani. Fataki zilikuwa nyingi, na mkewe akawa anafunua na kufunika, anafunua na kufunika. Katikati akasema mkono umemfa ganzi, apumzike kidogo. Yeye akamwambia avumilie, zile kubwa bado. Zikaja. Kofia ikatoka, lakini mkono ukachelewa kuifuata. Alipotazama kwenye kioo akaona kitanga cha mkono, cheusi, kimesimama katikati ya picha, vidole vitano, na katikati ya kila kidole na kidole moto unapita. Kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani, kwa sababu mlango wa kibanda ulikibana mwaka walioanza kazi.

"Nikamwambia, umeniharibia. Wiki nzima nimengoja, umeniharibia. Nikaifuta mbele ya macho yake."

"Naye akasemaje?"

"Akasema, ungeuacha. Mkono wangu nao umejipamba siku moja." Dobi alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Nikasema shika kofia. Akashika. Alishika mpaka fataki ya mwisho. Siku ya nne yake aliamka nusu ya mwili haifanyi kazi, na wiki haikuisha."

Mama Kijino alijikuta ameshika kisigino cha Kijino mgongoni, amekibana.

Baada ya maziko mzee aliipeleka kadi ya kamera kwa fundi wa kompyuta, akamwambia picha imefutika, airudishe. Fundi alijitahidi siku mbili. Akamwambia, mzee, kitu kikifutwa huwa bado kipo, mpaka kije kingine kikikalie pale kilipokuwa. Akamuuliza kama alipiga tena baada ya kufuta. Alikuwa amepiga. Usiku uleule, palepale, alipiga nyingine kumi na moja.

Akaelekeza mdomo ukutani. Kumi na moja zile zilikuwa pale, safu ya juu, nzuri kuliko zote, kila ua na shina lake. Mojawapo ndiyo iliyoukalia mkono, na hakujua ni ipi.

Kwa hiyo Jumamosi alipanda. Wakati mwingine aliweka mkono wake mwenyewe mbele ya kamera aone unavyotoka. Ulitoka. Lakini ulikuwa mkono wake, aliujua kama anavyojua kiatu chake, haukumwambia kitu.

Mama Kijino alirudi chumbani na kukaa kitandani bila kumshusha mtoto. Aliwaza yale maneno ya msusi, kwamba mzee anamvalisha mtu asiyekuwepo. Msusi alikuwa ametia chumvi, lakini hakuwa ametia nyingi. Na yeye alikuwa amecheka.

Wiki mbili baadaye vikaja vifuniko vingine mia tatu, na pamoja navyo habari. Aliyevileta alimwambia dobi kwamba hizi ndizo fataki za mwisho. Nyumba zimeusogelea ukumbi, cheche zimetoboa turubai la watu, na kibali hakitatolewa tena. Kuanzia mwezi ujao ni puto na taa za rangi.

Dobi alimwambia Mama Kijino habari ile huku akikunja, kama anayezungumza juu ya bei ya sabuni. Lakini alikunja kifuniko kimoja mara tatu. Mama Kijino alimtazama ile mikono miwili juu ya rundo la weupe, mmoja unaingoja kazi ya mwingine, na akasikia mdomo wake unasema kwamba yeye masikio yake ni mazima.

Mzee hakuelewa, au alijifanya.

"Nasema puu nitaisikia," Mama Kijino alirudia. "Mtoto akigeuka kitandani nasikia, nitashindwa na fataki?"

Shida ilikuwa Kijino. Mgongoni hawezi kukaa, milio ile ingemtoa roho. Alimpeleka kwa msusi, akasema ukweli wote, kamera, pasi na kofia. Mkono hakuutaja, ule haukuwa wake kuutaja. Msusi alimpokea mtoto, akamtazama mama yake juu mpaka chini.

"Kwa hiyo umejipeleka mwenyewe. Haya, ukimwona marehemu nisalimie, mwambie bado nina kitana chake." Kisha, alipoona mwenzake hacheki, sauti ikashuka. "Alikuwa mtu mzuri yule. Alikuwa akinipigia pasi aproni zangu bila kuombwa. Nenda, mtoto nitamlaza."

Paa lilikuwa kavu, anga safi. Dobi alitungika pasi, akaishika mpaka ikaacha kuyumba. Akampa kofia. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na kwa ndani, kwenye ukingo, kitambaa kilikuwa kimelainika pale palipokuwa panashikwa kila siku. Mama Kijino aliweka vidole vyake penginepo. Mzee akaona, akasema shika palepale, ndipo panaposhikika.

Fataki ya kwanza alichelewa. Ya pili aliwahi mno, akafunua, zikaingia taa za gari lililopita barabarani. Mzee hakumwambia ameharibu. Alisema tu, kola bado, ngoja. Ya tatu Mama Kijino alifumba macho ili asikie vizuri. *Puu*, kule chini, kama mtu anayekung'uta shuka. Akafunua. Wakahesabu pamoja, sauti ya mzee na ya kwake: kola, bega, mkono, mkono. Akafunika.

Mzee aliinama kwenye kioo, akakaa ameinama. Mama Kijino akasogea kutazama. Ua jekundu, na chini yake mstari mwembamba unatoka gizani, umenyooka, umelibeba.

"Lina shina," alisema.

"Lina shina," dobi alisema.

Walipiga nyingi. Mama Kijino alianza kuufurahia ule mlio, akawa anausikia kabla haujatoka. Mkono ulianza kumuuma begani, na hapo ndipo alipomfikiria yule mwanamke, wiki nzima ya vifuniko mia tatu ikiwa mabegani, na kofia hii. Akanyamaza na maumivu yake. Lakini mzee, ambaye masikio hayakuwa mazuri, alikuwa na macho.

"Umechoka. Shusha mkono."

"Bado zile kubwa, baba."

"Ziache zipite. Shusha."

Akashusha. Mbili zikapita bure, za kijani, nzuri kweli, wakazitazama kwa macho tu wamesimama upande kwa upande. Mzee alipangusa uso kwa kiganja, akasema moshi. Upepo ulikuwa unakwenda upande mwingine.

Kisha ng'ambo ya uwanja watu wakaanza kupiga makofi na vigelegele, na Mama Kijino akajua kwamba imefika ile ya mwisho, ya kumwagika kama mvua, ya shati zima. Akainua kofia, akaifunika kamera. Mzee akabonyeza kitufe, akakishikilia. Hakuwa anatazama juu. Alikuwa anautazama mkono ulioshika kofia, mkono wa mtu mwingine, vidole vyote vimenyooka, ukucha mmoja umekatika kwa kufua nepi.

"Mama Kijino," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba kitu asichostahili. "Hii ikitoka, kofia iondoe. Lakini mkono uache hapohapo. Niharibie hii moja."